Saa ya Mtoto na Saa ya Darasa

Mwaka 2019 tulimpotosha mama mmoja, na tungependa kuanza makala hii kwa kulikiri jambo hilo. Hatukumpotosha kwa nia mbaya. Alitujia Jumapili moja baada ya kikao cha akina mama, akiwa amembeba mtoto wa wiki tisa, akatuuliza swali ambalo akina mama wengi wafanyakazi wanalo moyoni: nitawezaje kumnyonyesha huyu na huku nasoma?

Tukaona tumsaidie. Mwenzetu mmoja alikuwa na karatasi ya zamani iliyopigwa chapa, aliyoitunza tangu alipojifungua kifungua mimba wake, yenye saa za kumnyonyesha mtoto: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, kisha basi mpaka kuche. Tukampa. Tukamwambia amzoeze mtoto mapema, ili likizo ya uzazi itakapokwisha asipate taabu. Zilipopita wiki tatu mtoto alikuwa hajaongezeka uzito hata kidogo, maziwa ya mama yalikuwa yamepungua, na mama mwenyewe alikuwa ameamua kuacha masomo.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, ni vizuri tuseme mama huyu ni nani, kwani wapo wengi kama yeye.

Darasa la saba

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 41. Aliajiriwa mwaka 2002 kama mhudumu katika ofisi moja ya Serikali mjini Morogoro: kufagia, kupika chai, kupeleka mafaili. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Ulipofika wakati wa uhakiki wa vyeti, yeye pamoja na wenzake wa darasa la saba waliondolewa kazini. Baadaye, mwezi wa Aprili 2018, Serikali ilitangaza kuwarudisha watumishi wa darasa la saba waliokuwa wameajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, naye akarudi. Lakini alirudi akiwa mtu mwingine. "Karatasi imenitoa kazini mara moja," alituambia. "Haitanitoa mara ya pili."

Akajiandikisha katika darasa la jioni kwa ajili ya Mtihani wa Maarifa, ule unaojulikana zaidi kwa herufi mbili, QT. Mtu ambaye hakupitia sekondari kwa njia ya kawaida hana budi kufaulu mtihani huo kwanza, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darasa lilianza Januari 2019, na mtihani ulikuwa Novemba. Katikati hapo, bila kutazamia, maana alidhani milango ya uzazi imekwisha kufungwa, akapata mtoto wa nne mwezi wa Mei.

Nchi yetu ina historia ndefu ya kuwasomesha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wako akina bibi wanaokumbuka madarasa yale chini ya miembe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kwa ajili hasa ya watu wasioweza kuacha kazi na familia zao. Milango ipo, tena mingi. Hata hivyo ukiziangalia ratiba za madarasa mengi ya wafanyakazi utaona kwamba zilitungwa na mtu asiyenyonyesha.

Jambo hili si geni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Wazo lenyewe lilikuwa na heshima yake. Lakini idadi ya wanawake ilishuka, kwani miaka ile ya kufanya kazi kwanza ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na haukupita muda mrefu wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Mwanamume anaweza kuahirisha masomo miaka mitano akayakuta yanamngoja. Mwanamke akiahirisha, mara nyingi anakuta mtoto mwingine mgongoni.

Ratiba ilitoka wapi?

Turudi kwenye karatasi yetu. Tulipojua kwamba imeleta madhara tulitaka kufahamu ilitoka wapi, maana mwenzetu aliipewa kliniki, naye nesi aliyempa bila shaka alifundishwa hivyo.

Desturi ya kumnyonyesha mtoto kwa saa haikutoka kwa bibi zetu. Ilienezwa sana na daktari wa New Zealand, Truby King, ambaye mwaka 1907 alianzisha chama cha kuwafundisha akina mama ulezi. Aliagiza mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, na usiku asipewe kitu. Mafundisho yake yalifika Uingereza na kuenea katika makoloni yake. Daktari huyo hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuokoa watoto, na alisisitiza maziwa ya mama kuliko ya chupa. Kosa lilikuwa kuiamini saa kuliko mtoto. Zaidi ya hayo, ratiba ya saa nne inakaribiana na mtoto anayelishwa maziwa ya ng'ombe au ya kopo, ambayo hukaa tumboni muda mrefu. Maziwa ya mama huyeyushwa upesi, na ndiyo maana mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku.

Jambo ambalo hatukulijua ni hili: titi si mtungi unaojazwa na kungoja. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akinyonya, mwili wa mama hupata habari kwamba maziwa yanahitajika, nao hutengeneza mengine. Maziwa yakibaki ndani kwa saa nyingi, mwili huelewa kwamba hayahitajiki, hupunguza. Tena homoni inayotengeneza maziwa huwa nyingi zaidi usiku, kwa hiyo kumnyima mtoto usiku ni kuziba chemchemi pale inapobubujika. Mama yetu alipofuata karatasi kwa uaminifu, mtoto akalia, mama akajikaza asimpe kabla ya saa, na wiki ya tatu kweli maziwa hayakuwapo. Akadhani ni umri wake. Kumbe ni ratiba yetu.

Mama mkwe wake, mzee wa miaka 70 na ushei, alikuwa amesema tangu siku ya kwanza, "Mwanangu, mtoto hajui saa." Tulimwona kuwa ni mtu wa zamani.

Kliniki

Nesi wa kliniki ndiye aliyeinusuru hali ile. Aliona mstari wa uzito kwenye kadi umelala, wakati mtoto wa umri huo anatakiwa kuongeza angalau gramu 500 kwa mwezi. Akauliza anakojoa mara ngapi kwa siku. Mara tatu, nne. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha, asiyepewa kitu kingine, hukojoa mara sita au zaidi, na mkojo wake ni mweupe. Akamwuliza ananyonya vipi, ndipo karatasi ikatolewa kwenye pochi. Nesi akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la kalamu, hakuirudisha.

Maagizo yake yalikuwa mafupi: mtoto anyonye kila anapotaka, alale karibu na mama, usiku asinyimwe. Asipewe maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Hapa mama mkwe alishangaa, kwani alikwisha kuandaa unga. Na hakuwa na kosa. Wale tuliozaa kabla ya mwaka 2001 tuliambiwa miezi minne hadi sita. Ni mwaka huo ndipo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipoyakubali mafundisho ya miezi sita kamili. Ndugu msomaji mwenye wajukuu, ikiwa mkweo anakukatalia uji wa miezi minne, hakudharau. Maagizo yamebadilika tangu zamani zetu. (Akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao hunyonyesha, huku wakitumia dawa zao bila kukosa, maelezo yao wayapate kliniki, wasiyapate kwa jirani.)

"Lakini mimi nitakuwa kazini na darasani," mama akasema. Nesi akamjibu kwamba hapo panahitaji mikono miwili, kikombe kimoja, na nakala ya sheria.

Mikono na kikombe

Kukamua maziwa ni kazi ambayo akina mama wengi huionea haya, au huidhania kuwa ni ya wenye mashine. Mashine si lazima. Mama hunawa mikono kwa sabuni. Huchukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka, pamoja na kifuniko chake. Huweka kidole gumba juu ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, na kidole cha shahada chini yake. Kwanza hubonyeza kuelekea kifuani, halafu hukutanisha vidole, huachia, hurudia. Vidole havitelezi juu ya ngozi, wala chuchu yenyewe haivutwi. Likiuma ujue umekosea mahali. Mwanzoni yatatoka matone, baadaye yataruka. Huhamisha vidole pande zote za titi, hubadili titi, na kazi nzima huchukua dakika 20 hadi 30. Siku za kwanza mama yetu alipata vijiko vinne tu, akalia. Wiki ya pili alijaza nusu kikombe cha chai.

Maziwa hayo hukaa nje ya friji saa nne ikiwa chumba kina ubaridi. Penye joto kama Morogoro ya Desemba, au Pwani, yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji hukaa mpaka siku nne. Mafuta yakielea juu usiogope, hayakuharibika, tikisa kidogo. Hayachemshwi, kikombe huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka ubaridi uishe. Na mtoto hapewi kwa chupa yenye nyonyo, ambayo ni ngumu kuisafisha na humfanya baadhi ya watoto kulikataa titi. Hupewa kwa kikombe kidogo. Mlezi humkalisha wima mapajani, hugusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, kisha hungoja. Mtoto atayaramba mwenyewe. Kumiminia ni kumpalia.

Mama mkwe alijifunza siku moja. Alituambia kwamba mtoto wa mbuzi aliyefiwa na mama humnyweshwa hivyohivyo, kwa utulivu.

Saa mbili za sheria

Sasa habari ya sheria, nayo tunaomba uisome polepole, hata kama wewe ni mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku zisizopungua 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo wengi wanaijua. Wasichojua wengi ni kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Mama yetu alipiga kopi ukurasa ule, akampelekea mkuu wake. Hakukataliwa. Mkuu wake alikuwa hajawahi kuombwa. Katika miaka yote ile akina mama walikuwa wakitoka kwa kuiba, wakirudi wanahema. Walikubaliana azichukue saa zake mwisho wa siku. Badala ya kutoka saa 9:30 alasiri, akawa anatoka saa 7:30 mchana.

Angalia jinsi siku ilivyobadilika. Zamani angeondoka nyumbani saa 12:45 asubuhi, atoke kazini saa 9:30, aende moja kwa moja darasani, arudi karibu saa 1 usiku: zaidi ya saa 12 bila mtoto. Sasa alifika nyumbani saa 8 mchana, akanyonyesha, akala, akanyonyesha tena, ndipo akaenda darasani, saa 10 hadi saa 12, siku nne kwa juma. Alfajiri alimnyonyesha titi moja na kukamua la pili. Maziwa hayo mtoto aliyapata kwanza. Ya pili yalikuwa ya jana jioni, yaliyolala kwenye friji ya jirani mwenye duka, ambaye hakutaka malipo ila aliomba kikombe kiandikwe jina. Saa 4 asubuhi, wenzake walipokunywa chai, mama alijifungia stoo na kukamua tena, ili maziwa yasikauke, na kikombe akakiweka katika friji ya ofisi kati ya soda za wakubwa. Hayo ndiyo yaliyomngoja mtoto wakati wa darasa. Hakuna aliyeyagusa isipokuwa dereva mmoja aliyeuliza kama ni mtindi.

Si kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Sheria inataja saa za kazi. Saa za darasa haikuzitaja. Mwalimu wa jioni hakutaka mtoto chumbani, na jengo halikuwa na mahali pa kukaa isipokuwa ngazi. Mara mbili mama alikosa somo la Hisabati kwa sababu mtoto alikuwa na homa, na Hisabati ukikosa mara mbili hulikamati tena. Tunadhani kila darasa la wafanyakazi lingeweza kutoa chumba kimoja, kiti, mlango unaofungika na beseni la kunawia. Makanisa mengi hukodisha vyumba vyake kwa madarasa hayo ya jioni. Vyumba vya Shule ya Jumapili vinakaa vitupu juma zima, na mikeka imo ndani.

Wengine walimshauri aahirishe. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma kwamba Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka Samweli alipoachishwa ziwa, na Elkana mumewe aliliridhia jambo hilo. Safari ile ilikuwa ya kila mwaka, kama ulivyo mtihani. Kuahirisha, basi, si aibu, na mama anayechagua hivyo asihukumiwe. Ila tumwangalie na Elkana. Mume wa mama yetu ni fundi baiskeli. Kwa miezi ile alichota maji kabla ya kufungua kibanda chake, na jioni ndiye aliyepika ugali, jambo lililowapa majirani cha kuzungumza.

Usomaji ulifanyika usiku. Mama aligundua kwamba mtoto akinyonya saa 9 ya usiku yeye huwa macho kwa nusu saa hata akitaka asitake, basi akabandika ukutani, kando ya kitanda, karatasi za Uraia na Historia. Alizisoma kwa mwanga wa simu. Tulipomwuliza hakuchoka, alicheka sana. Alichoka. Mara moja alisinzia akimwaga chai mezani kwa mkuu wake. Baada ya mwezi mmoja, mtoto alikuwa ameongeza gramu 700.

Novemba

Juma la mtihani mtoto alikuwa anatimiza miezi sita, na uji ulikuwa umeanza: mzito, usiomwagika kwenye kijiko, mara mbili kwa siku, pamoja na kunyonya kama kawaida. Siku ya kwanza mama mkwe alikuja naye mpaka nje ya uzio wa shule palipofanyikia mtihani, akatandika kitenge chini ya mwarobaini. Sisi tulikuwapo watatu. Tulitaka kumpokea mtoto, mzee akakataa, na tulistahili.

Mama alitoka kabla ya wenzake wengi. Blauzi ilikuwa imelowa mbele, akajifunika kwa daftari. Alipokaa chini ya mti na kumpakata mtoto, ndipo akatuambia kwamba swali la mwisho hakulimaliza, kwa kuwa alimsikia mtoto akilia. Mama mkwe akasema mtoto hakulia asubuhi nzima. Alikuwa ni mtoto wa mtu mwingine aliyepita njiani.

QT alifaulu. Cheti cha kidato cha nne alikipata kwa mtihani wa Novemba 2021, pamoja na F ya Hisabati. Alijiandikisha kuirudia, akapata F nyingine. Yule mtoto alianza darasa la kwanza mwaka 2025 na amekwisha kujifunza kujumlisha. Jioni wanakaa meza moja, kila mtu na daftari lake, na mama ameshalipa ada ya kujaribu Hisabati mara ya tatu.